Beseni la Miguu ya Mama

Shavu langu la kushoto lina pua. Chekeni, lakini wiki hii profu wa kemia alileta mchaichai darasani, ile sisi tunaita sitroneli, akaichemsha ili atuonyeshe namna mafuta yanavyotoka kwenye jani. Darasa zima likavuta pumzi, likasema harufu nzuri. Mimi shavu likawaka. Nikaomba ruhusa, nikaenda kusimama nyuma ya vyoo, mahali ambapo angalau kunanuka kitu kisichonijua.

Kwa hiyo nitawaeleza. Si kwamba nawapenda. Ni kwamba nawafahamu: siku ya sikukuu ya wamama mnaweka picha zao kwenye simu na maneno ya asali, na jioni yake mnakimbizana na ufagio kuzunguka nyumba. Mimi sina asali. Nina beseni.

Mama yangu ni mshonaji. Zamani zile, nikiwa mdogo kiasi cha kupita chini ya meza ya kukatia bila kuinama, mashine yake ilikaa barazani, ile ya kukanyaga kwa mguu, naye aliikanyaga peku kwa sababu alisema kiatu hakisikii uzi. Kabla ya shule kufunguliwa mtaa mzima ulimwangukia na vitambaa vyao, bluu na nyeupe, bluu na nyeupe, na kila mzazi alitaka ya kwake imalizike jana. Papa alikuwa kwenye boti ya mbao yenye injini, akishuka mto hadi Basoko na kupanda, na tulimwona mara chache kama mvua ya mawe. Alifika, akapiga kelele juu ya bati, akayeyuka. Alors mama alibaki na mashine, na Saidi mdogo wangu, na mimi. Na rula.

Rula ilikuwa ya mti, ya metre nzima, ya manjano, namba zake zimeliwa na vidole. Nisiwafiche: ilipima nguo asubuhi, na sisi ilitupima saa yoyote. Tulijifunza kusikiliza mashine. Ikikimbia, salama. Ikienda polepole, salama pia, anapinda kola. Lakini ikinyamaza katikati ya mshono, Saidi na mimi tuliangaliana kama wezi waliosikia mlango.

Siku moja ilinyamaza kwa sababu Saidi alitoka kwenye matope akapita juu ya rundo la kola zilizokwisha kukatwa. Nyeupe zote. Sitawasimulia ile dakika. Nitasema tu kwamba rula ilishuka mara nyingi kuliko makosa ya kola, na kwamba baadaye kifundo cha mkono wa Saidi kilivimba kikawa laini na cha kung'aa kama lituma, ndizi ya kutwanga, iliyotoka kwenye kinu. Mama alikiona, akatupa rula, akambeba mgongoni, akakimbia hadi kituo cha afya ambako dada yake mkubwa alikuwa muuguzi. Mimi nilikimbia nyuma yao nikiwa na kiatu kimoja cha Saidi, sijui kwa nini.

Yule dada, mama alimwita yaya, yaani dada mkubwa, na sisi tulimwita mama mukubwa. Alikuwa na sauti ya mtu anayekuchoma sindano hata akikusalimia. Alimfunga Saidi mkono, kisha akamvuta mama nyuma ya pazia. Waliyoyasema yote niliyajua baadaye, Saidi alikuwa amelala pale pale juu ya kitanda na ana masikio ya popo.

"Na rula?"

"Na rula."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu, yaya."

"Mariamu, nisikie muzuri. Mara ingine utagusa hawa batoto, nitababeba Opala kwa baba yetu, na utaenda kumueleza weye mwenyewe na mudomo yako. Hasira ikipanda, weka chini kitu iko mukononi. Toka inje. Weka miguu kwa maji ya moto na sitroneli mupaka ipoe. Mutu asikuongeleshe."

"Maji ya miguu," mama akacheka kwa pua. "Mie niko na uniforme makumi ine, weye unanipa maji ya miguu."

"Dawa ya mutoto nimeshatoa. Hii ni ya kwako."

Mimi niliyekuwa kwenye benchi nje nilishika vipande vitatu tu: batoto, Opala, miguu kwa maji na sitroneli. Vilinitosha. Vilinimaliza.

Kwa sababu mimi nilimjua Merveille. Aliishi parselle ya tatu kutoka kwetu, tulikuwa tunaruka kamba pamoja, alikuwa na mama wa kambo mwenye uso wa siki. Sisi tulikwenda msikitini, wao walikwenda chumba kimoja cha maombi chenye mchungaji mwenye koti na hana soksi. Huyo bwana alimwangalia Merveille akasema mtoto huyu ni ndoki, mchawi, ndiye anayekula biashara ya nyumba. Dalili: anakula sana, anaongea akilala, anajibu wakubwa. Dawa: mama wa kambo aoshe miguu kwa maji ya majani, Ijumaa tatu, ili njia ya mtoto ya kurudi kwake ikatike. Kukata kamba, walisema. Ijumaa ya tatu Merveille alikuwa barabarani na mfuko wa plastiki wenye gauni mbili. Mama wa kambo alikuwa amekaa mlangoni, miguu yake misafi.

Sasa nihesabieni. Mimi nilikula sana. Niliongea nikilala, Saidi alilalamika kila siku. Kuhusu kujibu wakubwa, mnanijua. Halafu mama anarudi kutoka kwa dada yake, anapanda shina la sitroneli pembeni ya choo, ananunua beseni la buluu, na jioni ya kwanza mashine iliponyamaza katikati ya mshono, anaweka rula mezani, anatoka nyuma ya nyumba, anaweka miguu kwenye maji ya majani, anafumba macho. Na tukikaribia, anasema bila kufumbua, "Mutu asiniongeleshe."

Nilijua ni mimi ninayekatwa. Niliogopa hadi nikajichunguza. Labda ni kweli, labda ni ndoki na hawakuniambia. Nilimkazia kuku wa jirani macho makali, asubuhi nzima, nione kama atakufa. Alitaga.

Donc, kama si ndoki, nilikuwa na haki ya kupigana. Nilianza na ajali. Mama alipokwenda kuchukua leso, nilipita mbio nikajikwaa kwenye beseni, maji yote chini. Aliniangalia. Akarudi ndani, na nikasikia rula ikipiga ukuta. Siku nyingine nililificha beseni juu ya bati la choo. Alilitafuta mpaka makaa ya mbabula, jiko letu la mkaa, yakazima, akaingia ndani, rula ikapiga meza, vifungo vikaruka kama mchele. Halafu niling'oa shina lote nikalitupa kwenye mfereji. Siku ile rula ilipiga benchi, na kwenye benchi nilikuwa nimekaa mimi, upana wa kiganja kutoka kwenye paja langu.

Mnaona mahesabu ya mtoto? Rula inanikaribia kila siku, na mimi nasema: ndiyo, kamba inakatika, maji yanafanya kazi, lazima niyamwage zaidi.

Mama mukubwa alileta shina jipya kutoka shamba la rafiki yake huko Masako. Akalipanda mwenyewe, akaliwekea mawe kuzunguka. Aliniangalia wakati anakandamiza udongo.

"Hii ya zamani ilikufa na nini?"

"Na jua, mama mukubwa."

"Jua ya hapa iko na mikono?"

Nikaondoka kabla hajanichoma sindano.

Bon. Siku ya pilipili ilikuwa siku ya kutoa nguo. Toka asubuhi wazazi walijaa barazani. Mmoja suruali imebana, mwingine sketi imepwaya, wa tatu anasema kitambaa chake kilikuwa kirefu zaidi, mama amekula kipande. Mama alijibu wote kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya mama ni jambo baya. Mimi nilikuwa jikoni na pilipili zile ndogo nyekundu, kichele, ngumi nzima. Nilizitwanga, nikazifunga kwenye kitambaa cheupe cha shule cha mtu, nikazitia kwenye birika pamoja na sitroneli. Nilitaka miguu ikatae maji. Nilidhani akiungua mara moja ataogopa dawa, ataacha kunikata.

Mlangoni mama mmoja alisema, "Hii mashono hata mutoto wangu anaweza." Mashine ikanyamaza.

Mama akaweka rula juu ya meza, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akatoka nyuma. Akakaa. Nami nikamletea maji mwenyewe, mara ya kwanza maishani mwangu, nikiwa na uso wa malaika. Akashangaa. Akasema, "Aksanti, mama." Nyumbani kwetu mtoto wa kike anaitwa mama siku anapopendwa. Hilo neno likaja limechelewa, maji yalikuwa yameshamiminwa kwenye beseni.

Akaingiza miguu yote miwili. Sikuwa nimefikiria nyufa. Visigino vya mtu anayekanyaga mashine peku mwaka mzima vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na pilipili iliingia kwenye kila mpasuko.

Alikaa pumzi tatu. Hakupiga kelele. Aliinama, akaingiza mkono ndani ya maji, akaunusa. Kisha akaniangalia, na mkono ule ule, wenye maji, wenye sitroneli, wenye pilipili, ukafika kwenye shavu langu la kushoto.

Sitasema uliniuma kiasi gani. Kofi liliisha haraka. Pilipili ndiyo iliyobaki, ikapanda hadi jichoni. Kwa jicho moja nilimwona anaingia ndani. Kwa jicho moja nilimwona anatoka na rula. Nilikuwa nimejibana kwenye ukuta, Saidi chini ya meza, na mama amesimama mbele yangu, miguu myekundu, rula juu.

Aliiangalia ile rula. Akageuka, akatoka getini.

Alitoka peku, akirukaruka kama mtu anayetembea juu ya makaa, rula mkononi, kitenge kimefungwa vibaya. Vijana wa toleka, wale wa taksi za baiskeli, walimpigia kengele. "Mama mushonaji, unaenda kupima barabara?" Mtaa ukacheka. Hakugeuka.

"Sasa umekufa," Saidi alisema kutoka chini ya meza.

"Funga mudomo."

"Kitanda nitabaki nayo mie."

"Nitarudi kukukula vidole."

"Unaona? Uko ndoki kweli."

Nilimtupia kiatu. Kisha nikakaa kwenye kizingiti nikiosha jicho, nikiwaza Merveille alipata wapi ule mfuko wa plastiki, kama alipewa au alijitafutia.

Walirudi pamoja. Mama mukubwa ndiye aliyekuwa na rula sasa. Alinishika kidevu, akageuza shavu kwenye mwanga, akafinya midomo.

"Mama yenu amekuja mwenyewe kwangu. Hakuna mutu alimuleta. Amesema: nimemupiga, kuya ubabebe. Alors, mukusanye nguo. Mutalala kwangu, na siku ya boti mutaenda Opala."

Nilingoja mama abishane. Mama yangu alibishana na kila mtu, hata na redio. Hakubishana. Alipita katikati yetu akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo zetu, na alizikunja kama anavyokunja nguo za wateja, mikono ndani, kola juu, akizipigapiga zilale. Nikamwona anakunja gauni langu la Idi. Hapo mdomo wangu, ule mkubwa, ukafunguka.

"Najua. Mumeshanikata. Ijumaa tatu zimepita."

"Kukata nini?" akauliza mama mukubwa.

"Kamba. Miguu yake iko misafi. Ni weye ulimupa dawa, nilisikia. Lakini mie siko ndoki, nilijaribu. Niliangalia kuku ya jirani mupaka macho ikauma, haikufa. Ilizaa yai."

Mama mukubwa alishika mlango kwa mikono miwili akacheka, kicheko kibaya, cha mtu anayejua hapaswi, mabega yanaruka. "Yai," akasema. "Mungu wangu, yai."

Mama hakucheka. Alitoka chumbani na gauni langu mkononi.

"Ndoki? Weye? Weye hata kufagia chini ya kitanda inakushinda, utaweza kula mutu?"

Mama akanisogelea.

"Pilipili ilikuwa ya hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na shina, na beseni kwenye bati?"

Saidi, ambaye hajawahi kunifaa, akasema, "Ndiyo, mama, ni yeye tu."

Mama akainua mkono wake wa kulia. Niliruka nyuma. Hakunipiga. Aliushikilia pale hewani, akautazama kama kitu cha mtu mwingine alichosahau kwake.

"Ile maji ilikuwa ya kufunga hii mukono. Unaelewa? Hii hapa. Unamwanga, unamwanga, ulikuwa unamwanga kitu ilisimama katikati ya mukono yangu na uso yako."

Halafu akarudi ndani kukunja.

Sikulia. Jicho moja lilikuwa linalia lenyewe kwa pilipili, nikaliachia kazi. Nilienda nyuma. Nikaosha beseni kwa sabuni, mara mbili, na majivu mara ya tatu. Nikakata sitroneli, nikapepea mbabula mpaka makaa yakashika, na maji ya kuchemka siku unapoyahitaji hayana haraka na mtu. Hakuna aliyeniuliza ninafanya nini. Nililibeba beseni hadi chumbani, maji yakimwagika njia nzima, nikaliweka mbele ya mama. Alikuwa amekaa kitandani pembeni ya mafungu mawili ya nguo, langu na la Saidi. Visigino vyake vilikuwa vibaya kuangalia.

Akaliangalia beseni. Akaniangalia.

"Weka mukono kwanza," akasema.

Nikaweka mpaka kwenye kiwiko. Yalikuwa ya moto, nikakaza uso. Alisubiri muda mrefu, muda wa mtu asiyekuamini hata kidogo, na alikuwa na haki. Ndipo akaingiza mguu mmoja. Kisha wa pili.

Mama mukubwa aliketi kwenye kiti cha mashine. Hakuna aliyemwongelesha mtu. Saidi alikaa sakafuni na bendeji yake, akinyofoa uzi. Maji yalipopoa, mama mukubwa alisimama, akachukua yale mafungu mawili, akayarudisha kwenye sanduku, lakini si vizuri, aliyatupa tu. Kisha akaweka rula kwapani.

"Hii inaenda na mie."

"Yaya, nitapima na nini?"

"Na kamba, sawa benzako. Na nitakuya kila juma kuangalia hawa. Nitababonyeza moja moja."

Alikuja kweli. Alitubonyeza kama maparachichi.

Msinielewe vibaya. Mama hakuwa malaika. Aliendelea kufoka mpaka bati likatetemeka, na alinipiga tena mara mbili kabla sijawa mrefu kumzidi. Mara zote mbili alikwenda mwenyewe kwa dada yake kusema, na mara zote mbili nilitaka aende akitambaa kwa tumbo. Kuna siku nasema nimemsamehe, kuna siku profu anachemsha majani. Na Merveille hakurudi kwao. Nimemkuta sokoni juzi, mwanamke mzima, akanipita. Hakuna aliyemwambia yule mama wa kambo aangalie mkono wake mwenyewe. Nikikutana na yule mchungaji asiye na soksi, pilipili ninazo bado.

Lakini beseni lipo, la buluu, limepasuka ukingo. Na miaka yote hii, kila nilipompelekea maji, hata mbele ya wageni, hata mbele ya papa, mama hajawahi kuingiza unyayo kabla ya kusema lile neno lake. Weka mukono kwanza. Nimemwambia ni matusi. Amesema ndiyo.

Jana jioni nilikuwa nasoma kwa ajili ya egzeta, mtihani wa mwisho, nikiwa na karatasi hadi kwenye nywele. Saidi, ambaye sasa ana sauti ya chura na miguu ya ngamia, akaja kuniuliza kama nikianguka nitamuachia daftari zangu. Nilikuwa nimeshashika kiatu. Kiatu kilikuwa juu kabisa, na nililenga meno. Mashine barazani ikanyamaza katikati ya mshono.

Mama aliingia. Alikwenda nyuma, na baada ya muda akarudi amebeba beseni, mvuke unampanda usoni, harufu ile ile, na shavu langu likaanza ujinga wake. Akaliweka chini, mbele ya miguu yangu. Akasimama.

Nikaangalia maji. Nikamwangalia.

"Weka mukono kwanza, mama," nikasema.

Saidi akashika kichwa, akangoja nife. Mama alinitazama na ule uso wa siku ya kutoa nguo. Kisha akakunja mkono wa blauzi yake, akainama, akauingiza ule wa kulia, mpaka kwenye kiwiko. Akauacha humo.